"Bibi, hujui kusoma?" KAMWAMBIA MAMA YANGU! Hawa wa tiketi za boti wana nini?

Mtoto_wa_Mwalimu:
Assalaam alaykum. Mniwie radhi kwa makosa, nachapa na mkono unatetemeka. Niko gatini Mkoani, Pemba, mama yangu kakaa juu ya begi lake, hasemi neno.

Jina silitaji. Kwani kuna asiyewajua? Wale wale wa tiketi za kwenye simu, waliobadilisha mfumo wakatutangazia kuwa sasa ni rahisi. Rahisi kwa nani?

Mama anakwenda Unguja, ana miadi ya macho kesho asubuhi. Tiketi imemjia kwenye kitochi chake: mstari mzima wa Kiingereza, halafu 07:00. Basi. Hapana asubuhi, hapana mchana. Kaona saba, kasema saa saba. Saa sita na nusu yuko bandarini, kajitia udi, na kikapu cha samaki wa kukaanga wa wajukuu. Boti imeondoka tangu saa moja! Waliopanda wameshashuka Malindi ya Unguja, wameshakula urojo, wengine wameshalala.

Mama kampa simu kijana wa dirishani. Kijana kaangalia, KACHEKA, watu wote kwenye foleni wanasikia: "Bibi, hujui kusoma?"

Hujui kusoma! Mwanamke aliyesomesha darasa la kwanza miaka thelathini na moja! Nusu ya Mkoani imejua a-e-i-o-u kwa chaki yake. Wallahi huyo kijana tukimchimba, mamake mzazi kashikishwa penseli na mama yangu.

Sisi saa tunaihesabu tangu jua kutoka. Ndivyo walivyohesabu babu zetu, na ukimuuliza saa mtu yeyote hapa gatini ndivyo atakavyokujibu. Mama wa miaka sabini na kitu atoe sita kwanza ndipo apande boti? "Saa moja asubuhi" ni maneno matatu. Matatu!

Na hiyo programu yao, nilijaribu Jumapili kumkatia mwenyewe. Mwaka wa kuzaliwa huuandiki, unausukuma kwa kidole, mmoja mmoja, kuanzia mwaka huu kurudi nyuma. Mama kazaliwa 1951. Nimesukuma, nimesukuma, Mapinduzi nimeyapita, nafika 1958: "Muda wako umekwisha, anza upya." Mara tatu! Kidole kimeota sugu, nikaishia kumtuma mtu dukani Chake Chake.

Yote hayo ningeyameza. Lakini hujui kusoma? Mama yangu?

Karafuu_Mbichi:
Loo! Pole sana. Kama ndiye Mwalimu ninayemdhani, mie kanifundisha kuandika jina langu. Huyo kijana hana adabu hata ya kuazima.

Yakhe_wa_Wete:
Na weye mtoto mzima ulikuwa wapi? Mama unamwachia tiketi peke yake, halafu unakuja kutulilia sisi.

Mtoto_wa_Mwalimu:
Nilikuwa kazini. Kwani tiketi ya boti ni hati ya mirathi, mpaka aitwe kadhi aisome? Tena soma vizuri, sikulalamikia boti kuondoka. Nimelalamikia HUJUI KUSOMA.

Fundi_Programu:
Tuwe wakweli. Saa za mfumo ni za dunia nzima. Watumiaji wajifunze, hatuwezi kumfuata kila mtu.

Binti_Kiponda:
Dunia nzima ndiyo inayopanda boti Mkoani? Wanaopanda ni mama zetu. John Shepherd-Barron, yule wa mashine ya kutolea pesa iliyowekwa London mwaka 1967, alitaka namba ya siri iwe ya tarakimu sita. Kakaa mezani jikoni na mkewe, mke kamwambia mimi nakumbuka nne tu. Kahadithia mwenyewe. Ikawa nne, na mpaka leo watu wanabonyeza nne. Nyie mmekaa jikoni kwa mama wa nani?

Karafuu_Mbichi:
😂😂 Fundi kimya.

Mtumbatu_Asilia:
Nne zina nini! Mie juzi usiku umeme umekwisha, nimenunua tokeni, tarakimu ishirini. Mita wameipandisha juu ya mlango, niko juu ya ndoo iliyopinduliwa, mke ananisomea kwa tochi, mtoto analia. Ya kumi na tisa nikabonyeza nane badala ya tano. Kuanza upya! Vitufe vyenyewe vimefutika, nabonyeza kwa kumbukumbu kama kipofu.

Yakhe_wa_Wete:
Afadhali weye una ndoo. Mita yangu iko nje, mvua ikinyesha naingiza tokeni chini ya mwavuli.

Mtoto_wa_Mwalimu:
Jamani, mada ni mama yangu. Kijana kamcheka mbele ya foleni!

Binti_Kiponda:
Mtumbatu, tochi gani hiyo, ya simu?

Mtumbatu_Asilia:
Ya kitochi changu, Nokia 1100. Ile ilitoka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Unashikilia kitufe kimoja, mwanga huo. Vitufe vina ngozi moja ya mpira, vumbi halipiti. Aliyeitengeneza aliwaza mtu kama mie, yuko juu ya ndoo gizani.

Fundi_Programu:
Hapo nakubali, ile ilikuwa simu. Bado inakaa na chaji?

Mtumbatu_Asilia:
Betri ndiyo imenichosha. Nimenunua mbili sokoni Darajani, zote zimefura.

Karafuu_Mbichi:
Za Darajani uangalie, zinafura kama maandazi! Mie wamenitia hasara mara tatu, na risiti hawatoi.

Yakhe_wa_Wete:
Nenda Chake, yupo fundi pale karibu na stendi ya daladala, anaijaribu mbele yako kabla hujalipa. Ila uende asubuhi.

Mtumbatu_Asilia:
Asubuhi saa ngapi?