Naomba ushauri: kulinganisha matokeo ya Ubungo na Kibamba

Wakuu, naomba msaada. Nawaandalia wanafunzi wangu wa Uraia hapa Mbezi matokeo ya ubunge, na mipaka imenikwamisha. 2010 tulikuwa jimbo la Ubungo, akashinda John Mnyika. 2015 likagawanywa, likazaliwa Kibamba. Mnyika akashinda huku kwetu Kibamba, Saed Kubenea akachukua Ubungo, wote CHADEMA. 2020 yote mawili yakaenda CCM.

Sasa kwenye daftari langu mstari wa Ubungo 2010 unabeba kata zetu, wa 2015 hauna. Mtoto atadhani watu wameacha kupiga kura! Nijumlishe majimbo mawili, au nizitenganishe kura za 2010 kata kwa kata? Matokeo yale ya vituoni nayapata wapi? Mwenye uzoefu anielekeze, tafadhali.