Naomba tovuti za bure za kuona molekuli na kukisia NMR

Njoro_Kemia: Habari zenu wadau. Niko mwaka wa 3 kemia, nakaa Njoro. Tulitengeneza paracetamol maabara wiki jana na sasa ripoti inataka NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za molekuli zimekaa wapi), mashine hatuna na programu za kulipia siziwezi. Kuna kitu cha bure cha kwa browza, nichore molekuli niione ilivyokaa na NMR yake itatokaje? Lapi yangu ni ya zamani na bando nayo si ya kuchezea.

NyarKisumo: Pole ndugu, nimepitia hapo hapo. Anza na MolView, ya bure na code yake (maandishi ya programu) iko wazi kwa kila mtu, unachora upande mmoja na upande wa pili inasimama unaizungusha vile unataka. Tafuta kwa namba ya muundo, 4HHB, ikuletee himoglobini nzima, mimi nilikesha nayo nikisaka zile himu 4 (sehemu zenye chuma zinazoshika oksijeni) zimejificha wapi. Ya NMR ingia nmrdb.org, bandika CC(=O)Nc1ccc(O)cc1, ndiyo paracetamol kwa maandishi (SMILES), kama kuchora kunakusumbua.

Njoro_Kemia: Asante sana dada, imetoka! Singleti (mstari mmoja) ya haidrojeni 3 naiona karibu na 2 ppm, dableti mbili (kila moja mistari miwili) pia ziko. Lakini OH na NH hazilingani na kitabu, kinasema 9.1 na 9.6. Nimekosea kuchora?

Mwalimu_Kakamega: Hujakosea kijana. OH na NH hushikana na majirani kwa bondi za haidrojeni, kwa hivyo zinahamahama kulingana na kiyeyushi, ukolezi, hata joto, na hizo namba za kitabu ni za kiyeyushi cha DMSO. Programu inakisia kwa kuangalia atomu zilizozunguka kila haidrojeni, ndio maana CH3 na ringi inazipata vizuri zaidi. Sasa angalia hizo dableti: ya 6.7 hivi ni haidrojeni zilizo jirani na OH, kwa sababu oksijeni inasukuma elektroni kwa ringi na kuzikinga, ya 7.3 ziko upande wa NH. Hapo ndipo maksi ziko. Na nakuomba sana, kwa ripoti andika wazi kwamba imekisiwa, usiiweke kama umeipima.

NyarKisumo: Kweli mwalimu. Ndugu, ukitaka ya kupimwa ya kulinganisha, SDBS, hifadhi ya spektra ya Japani, ni bure. Siku ukipata data yako fungua na NMRium, iko kwa browza pia. Kama mashine ya IR (infraredi) mnayo hapo, pima leo, utafute C=O karibu na 1650 cm⁻¹.

Njoro_Kemia: IR iko. Naenda kesho asubuhi, nitaweka picha hapa.