Mjadala: Vifaru weupe wa kaskazini warudishwe kwa kloni?

Mleta mada:
Wakuu, Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, na hakuna anayeweza kubeba mimba. Wataalamu wanavuna mayai ya Fatu na kuyarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume wachache waliokwisha kufa. Hapo ukoo utakuwa finyu mno. Lakini San Diego, Marekani, zimehifadhiwa seli za ngozi za wenzao wengine. Kwa nini tusizitumie kutengeneza kloni, yaani mnyama aliye nakala ya mwenye seli? Unachukua yai la kifaru mweupe wa kusini, ndugu yao wa karibu, unatoa kiini chake chenye vinasaba, unaweka kiini cha seli ya marehemu, unapandikiza kwa jike mwingine. Farasi wa Przewalski, farasi mwitu wa Asia, alizaliwa hivyo Marekani mwaka 2020, kwa seli za mwaka 1980. Vifaru hawa walimalizwa kwa bunduki kwa ajili ya pembe. Tuna deni nao.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umemtaja farasi ukamwacha mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees, Hispania. Jike wa mwisho aliangukiwa na mti mwaka 2000. Kloni yake ilizaliwa 2003 ikafa baada ya dakika chache, mapafu mabovu. Dolly naye, kondoo wa kloni wa 1996, ndiye pekee aliyezaliwa kati ya mayai 277 yaliyounganishwa na seli. Mbuzi na kondoo wa kubeba mimba wapo tele. Kifaru hubeba miezi kama 16! Mimi ni mfugaji, nimekesha na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa hadi akanifia mikononi. Majike wangapi wa kusini wapitie hayo ili tupate ndama mmoja?

Mchangiaji wa pili:
Mimi nauliza malisho. Makao yao ya mwisho porini yalikuwa hifadhi ya Garamba, Kongo, na majangili waliwamaliza huko huko. Mwaka 2023 Garamba ilipelekewa vifaru 16 wa kusini. Hao wakilindwa, nyasi zitaliwa vilevile. Fedha ziende kwa askari wa wanyamapori kwanza.

Mleta mada:
Askari waongezwe, sibishi. Ila wa kusini si wa kaskazini, na Najin amezaliwa 1989. Tukichelewa, ndama atazaliwa bila mtu wa ukoo wake wa kumfundisha kuishi. Kwa mfugaji nakubali jambo moja: kila jike awekewe kikomo cha kupandikizwa, na kikomo hicho kiandikwe kabla ya jaribio la kwanza. Wewe ungeweka mara ngapi?