Pembetatu haifungi: nimsahihishe mtoto au nimwache ahangaike?

Swali
Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha hesabu watoto wa miaka 9 na 10, na muhula huu tumeanza kutumia Scratch, programu ya kompyuta ambamo mtoto anapanga bloku za amri na paka kwenye skrini anazitii. Juzi niliwaambia wamfanye paka achore pembetatu yenye pande sawa. Wanajua fika kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, basi karibu wote wakapanga hivi: rudia mara 3, nenda hatua 100, geuka nyuzi 60. Paka akachora mistari mitatu iliyokaa kama bakuli, akasimama. Binti mmoja akanigeukia: “Mwalimu, kompyuta imekosea, mimi nimeandika sawa.”

Kipindi kilikuwa kinaisha, nikawaambia waweke 120. Pembetatu ikafunga, wakashangilia. Kesho yake nikawapa umbo la pande tano, wakarudia 120 ileile. Inaniuma, kwa sababu naona niliwanyang’anya kitu. Nirudi ubaoni nifundishe pembe za nje kwanza?

Jibu la 1
Usirudi ubaoni, mwalimu. Toka nao nje na chaki. Mmoja awe paka, mwenzake amwamuru. Paka akifika mwisho wa upande wa kwanza, uso wake bado unatazama kule alikokuwa anaelekea, na kugeuka kwake kunahesabiwa kuanzia hapo. Zile 60 ziko ndani ya umbo. Yeye anayetembea anageuka 180 kutoa 60. Mwili utamwonyesha kabla hujasema neno.

Na yule binti mwambie paka alimtii kabisa. Bakuli lile ni nusu ya umbo la pande sita. Abadilishe 3 iwe 6 ajionee.

Ndivyo alivyotaka Seymour Papert, mtaalamu wa hesabu na kompyuta. Yeye, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walibuni Logo, lugha ya watoto ya kuiamuru kompyuta, mwaka 1967, na baadaye ikapata kobe wa kuchora, hata wa roboti anayetembea sakafuni. Mtoto akikwama, aliambiwa ajifanye kobe.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila chonde chonde, daftari lisisahaulike. Kwangu hakuna anayebonyeza bendera ya kijani, ile inayomwanzisha paka, kabla hajaandika anachotarajia kuona. Bila hivyo wanabadilisha namba mpaka umbo likubali, na hapo hakuna hesabu, ni kubahatisha tu.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Leo tumetoka. Yule binti ndiye aliyekuwa paka. Alipomaliza upande wa tatu tukamwomba ageuke mara moja zaidi, akajikuta anatazama kama alivyoanza. Akasimama pale, akasema polepole, “Kumbe nimezunguka mzima.” Mwenzake akadakia: mzima ni 360, basi pande tano tunagawa kwa tano! Wakaandika 72 daftarini, tukarudi ndani, ikafunga mara ya kwanza.

Kisha binti akataka pande saba. Amegawa kwa mkono: 51.428571, halafu tarakimu zinaanza kujirudia. Nikamwonyesha kwamba anaweza kuweka 360 ÷ 7 ndani ya bloku yenyewe. Umbo limefunga kwenye skrini, lakini hakuridhika. Ameniuliza kama limefunga kweli, au kuna upenyo mdogo ambao macho hayauoni.

Safari hii sikumjibu. Amekwenda na swali lake nyumbani.