Jina la mtaa halitokei kwenye magazeti yaliyoskaniwa: nitafuteje?

Mchimba Makaratasi (mwanzisha mada)
Wadau, salaam. Nafuatilia mtaa mmoja wa mjini, miaka ya 1880 hadi 1930 hivi, kwa makusanyo ya dijitali tu: magazeti, ramani za zamani na vitabu vya anwani. Nikiandika jina la mtaa kwenye kisanduku cha kutafutia napata matokeo mawili matatu, ilhali ulikuwa mtaa wa biashara. Namba za nyumba nazo haziendani na ramani. Halafu nikiilaza ramani ya zamani juu ya ya sasa, katikati inakaa sawa ila pembeni inahama upana wa barabara nzima. Nianzie wapi?

Jalada la Saba
Mkuu, usihukumu kwa idadi ya matokeo. Kisanduku hakitafuti kwenye picha unayoiona, kinatafuta kwenye maandishi ambayo kompyuta iliyasoma kutoka kwenye picha hiyo. Wino uliovuja na safu zilizobanana huyavuruga: "rn" inakuwa "m", "c" inakuwa "e", na jina lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari linabaki vipande viwili. Fungua ukurasa ambao una hakika mtaa umetajwa, washa sehemu inayoonyesha maandishi ghafi, uone jina limeandikwaje pale. Kisha tafuta kwa kosa hilohilo. Trove, tovuti ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa ya Australia, inamruhusu hata msomaji wa kawaida kuyasahihisha, basi ukikuta kosa huko lirekebishe, atakayekuja nyuma yako atalipata.

Jambo jingine: acha kutafuta mtaa peke yake. Tafuta majina ya wenye maduka, hoteli ya kwenye kona, kanisa. Na matangazo ya biashara, ambayo ndiyo mali yenyewe kwa mtaa kama huo, yalipangwa kwa herufi za madoido ambazo kompyuta huzisoma vibaya kuliko zote. Hayo yapitie kwa macho, ukurasa kwa ukurasa.

Kipimo
Kuhusu namba: shuku kwanza kwamba mji ulibadilisha namba zote. Chicago ilifanya hivyo mwaka 1909, na eneo la katikati ya mji likafuata 1911, kwa hiyo anwani ya 1905 ukiitafuta kwa namba za leo unaishia kwenye jengo la watu wengine kabisa. Shika jengo lisilohama, kwa mfano benki ya kwenye kona, ulione kwenye kitabu cha kabla na cha baada, kisha hesabu nyumba kutoka hapo. Kumbuka pia kwamba taarifa za kitabu cha anwani zilikusanywa kabla ya kuchapwa. Hali unayoisoma ni ya nyuma kidogo ya mwaka ulioandikwa kwenye jalada.

Kama mji wako ni wa Marekani, nenda moja kwa moja kwenye ramani za bima ya moto za Sanborn, Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka nyingi mtandaoni. Inchi moja ya ramani ni futi 50 za ardhini, kwa hiyo kila jengo linaonekana. Waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Mara nyingine namba ya zamani na mpya zimeandikwa pamoja. Ila angalia: kampuni ya Sanborn ilikuwa ikibandika vipande vya karatasi juu ya nakala za zamani kuonyesha mabadiliko, hivyo karatasi yenye mwaka mmoja inaweza kubeba jengo lililojengwa miaka mingi baadaye.

Mpima Ramani
Hilo la pembeni kuhama ni karatasi yenyewe: imesinyaa, imekunjwa, au iliskaniwa ikiwa ndani ya kitabu. Kwenye QGIS, programu ya ramani, anza na polinomia ya daraja la kwanza, yaani njia inayosogeza, kuzungusha na kuvuta ramani nzima kwa pamoja bila kuipinda. Kiwango cha chini ni alama 3 (sehemu unazozioanisha kati ya ramani ya zamani na ya sasa), wewe weka 8, zitawanye hadi pembe zote nne. Chagua makutano ya barabara na kona za majengo ya mawe. Kingo za mto ziache, mto huhama. Soma jedwali la makosa, alama yenye kosa kubwa irudie au ifute. Baada ya hapo ndipo uhamie Thin Plate Spline, njia inayoipinda ramani sehemu kwa sehemu. Ukianza nayo, jedwali litakuonyesha makosa karibu na sifuri hata kama alama moja umeibandika mtaa usio wake, kwa sababu yenyewe hulazimisha ramani ipite kwenye kila alama.

Mchimba Makaratasi
Shukrani wakuu. Mji ni wa Marekani kweli. Sensa ya 1890 siioni popote, natafuta vibaya?

Jalada la Saba
Hutafuti vibaya. Karibu yote iliharibika baada ya moto wa Januari 1921 huko Washington. Ziba pengo la 1880 hadi 1900 kwa vitabu vya anwani na kumbukumbu za kodi ya majengo. Hizo za kodi usizitafute kwa jina la mtaa: hifadhi za nyaraka hupanga majalada kwa ofisi iliyoyatengeneza, hivyo ingia kupitia ofisi ya kodi ya mji au kaunti. Na kila unachopakua andika namba ya jalada na ya ukurasa ndani ya jina la faili, maana viungo hufa tovuti ikibadilishwa.