MJADALA: Picha ya kwanza ya vazi la shujaa ikitoka, mashabiki wasikilizwe au waachwe wapige kelele?

Mwana_Shangani:
Wadau, habari za humu. Kila tamthilia ya mashujaa wa katuni ikitoa picha ya vazi au ikitaja nani atacheza, ni vurugu. Kuanzia vibanda umiza vya Chikongola mpaka Mtanda kule Lindi, kila mtu ni jaji. Mimi nasema wasikilizwe. Mwaka 2011 NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, walitoa picha ya Adrianne Palicki kama Wonder Woman, suruali ya buluu inang'aa utadhani imepakwa mafuta ya nazi. Watu wakachachamaa. Zilipokuja picha za kurekodi mtaani, mng'aro umepungua na buti za buluu zimekuwa nyekundu. Kelele zina faida. Karibuni tubishane.

Tandahimba_Gredi1:
Faida gani wakati kelele hizo hizo ndizo zilizoiua? Tamthilia nzima ilifutwa kwa sababu ya suruali.

Dada_wa_Ligula:
Haikufutwa, haikuanza. Kilirekodiwa kipande cha majaribio, NBC hawakuagiza kiendelee. Suruali ilikuwa imeshabadilishwa kabla ya hapo, kwa hiyo msiisingizie.

Halafu mnachanganya vitu viwili. Vazi ni kitambaa, unafumua, unapaka rangi upya, unabadilisha buti, wiki mbili tatu limekuwa jingine. Mtu unamfumua wapi? Mwaka 2018 Anna Diop, mzaliwa wa Senegal, zilivuja picha zake akiwa Starfire wa tamthilia ya Titans. Wakamtukana rangi yake mpaka akafunga maoni Instagram. Na Starfire ni kiumbe wa sayari nyingine, kwenye vitabu ana ngozi ya machungwa tangu 1980. Nitajieni mwigizaji yeyote mwenye ngozi ya machungwa, nipo hapa nasubiri.

Korosho_Ghafi:
Dada, kwa Starfire watu walilalamikia nguo, sio ngozi. Koti la manyoya na nywele za waridi, kama katoka disko alfajiri. Ile nguo hata fundi wa sare za shule pale Masasi angeona aibu kuishona.

Fundi_Rahaleo:
Korosho_Ghafi, sare za shule zimekukosea nini? Unajua tofauti ya sare na vazi la shujaa au unaandika tu kwa kuwa una bando?

Sare ni kitambaa kisichovutika. Unachukua kipimo cha mwili, unaongeza nafasi ya kupumua, unashona mshono wa kunyooka, kazi imekwisha. Vazi la shujaa ni kinyume chake. Unatumia laikra inayovutika pande zote nne, na badala ya kuongeza unapunguza, upana kama asilimia 10, ili nguo ijivute yenyewe mwilini. Hapo cherehani yako ya Butterfly ya mshono wa kunyooka haifai: mvaaji akichuchumaa mara moja, uzi unakatika kuanzia msambani mpaka mgongoni. Inatakiwa zigizagi, upana milimita 1 mpaka 1.5, urefu wa hatua 2.5. Sindano ya ncha butu namba 75, uzi wa polista, sio pamba. Ukitumia sindano ya kawaida inaruka mishono na inatoboa nyuzi, baada ya kufua mara mbili unaona vitundu vimejipanga kama njia ya siafu.

Na ile suruali ya 2011 msimlaumu fundi, ni uso wa kitambaa. Kitu laini kama plastiki kinarudisha taa ya studio moja kwa moja kwenye kamera, kila mkunjo unakuwa mstari mweupe. Ndiyo maana siku hizi wanachapa vijidoti na vipembe vidogo kwa wino mzito juu ya kitambaa. Mwanga unatawanyika, mikunjo haionekani, na kwa mbali rangi inatulia.

Korosho_Ghafi:
Mkuu tuliza mshono. Nimesema fundi wa Masasi, wewe ni wa Rahaleo, umejishtukia nini?

Nyangao_Kwetu:
Mi sio wa Masasi wala Rahaleo ila hiyo asilimia 10 mnadanganyana. Ya laikra ipi? Kunja kitambaa, pima sentimita 10, kivute mpaka kigome. Kikifika 15 unaweza kupunguza hiyo 10 yako. Kikifika 12 tu, ukipunguza hivyo mvaaji hapumui. Halafu hujasema kuhusu urefu. Ukipunguza urefu sawasawa na upana, mabega yanavutwa chini, msamba unapanda juu, mtu anatembea kama kakanyaga mkaa. Urefu gusa kidogo sana au acha kabisa.

Fundi_Rahaleo:
Nimeandika "upana". Soma vizuri.

Nyangao_Kwetu:
Umeandika upana, lakini anayesoma atapunguza kote. Na kwapani mbona umenyamaza? Bila kipande cha umbo la almasi chini ya kwapa, sentimita 8 mpaka 10 kila upande, shujaa akinyoosha mkono juu nguo yote inapanda nae mpaka kitovu nje. Ukiona picha ya kwanza mwigizaji kashika kiuno, mara nyingi sio madaha, anaficha kwapa.

Mwana_Shangani:
Jamani mada! The Flash ya 2014. Picha ya kwanza ya Grant Gustin ilikuwa ya giza, vazi alilobuni Colleen Atwood, la rangi ya damu ya mzee, kama ngozi. Watu wakasema mbona sio jekundu. Msimu wa pili nembo ya kifuani ikawekewa duara jeupe kama kwenye vitabu. Msimu wa tano, 2018, wakatoa vazi lisilo na kipande cha kidevuni, makelele. Msimu uliofuata kidevu kikarudi. Mnataka ushahidi gani mwingine?

Dada_wa_Ligula:
Na kwenye tamthilia hiyo hiyo, 2014 hiyo hiyo, Candice Patton alitukanwa kwa kupewa nafasi ya Iris West, kisa ni mweusi na Iris wa vitabuni tangu 1956 ni mzungu. Iris ni mwandishi wa habari. Alivaa gauni na jinzi. Korosho_Ghafi, hapo nguo iliyokukera ni ipi?

Korosho_Ghafi:
Wewe dada ni mwalimu? Maana unauliza maswali kama unasahihisha madaftari.

Fundi_Rahaleo:
Kidevu kwanza. Kile kipande sio pambo. Kofia ya aina ile inabana kichwa kwa juu, na mtu akikimbia inarudi nyuma, tundu za macho zinahama, anaona nusu. Kipande cha kidevuni ndicho kinaishikilia, na kinaufanya uso uonekane mwembamba. Ukikitoa, mashavu yanatokeza pembeni hata kama mtu kakonda. Upande wa pili, kofia ikiunganishwa moja kwa moja na shingo, mvaaji hageuzi kichwa, anageuka na mabega yote. Unachagua lipi lisikuudhi sana.

MwanaMakonde47:
Hayo matatizo ya shingo Wamakonde waliyamaliza kabla hao hawajajua kushona. Lipiko, kinyago cha ngoma, linachongwa kwa mti mwepesi, sio mpingo, ndani linatobolewa mpaka linakuwa kama chapeo. Linakaa kichwani kwa kuinama kidogo, mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, sio macho. Kitambaa kinafungwa ukingoni mwa kinyago na kushuka, shingo yote imefichwa lakini kichwa kinageuka. Nywele za mtu zimebandikwa, chale zimewekwa kwa nta. Hao Marekani wangekuja kuuliza.

Newala_Juu:
Hilo unalolieleza ni la wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Huku Newala kinyago cha ngoma ya midimu ni cha usoni, sio chapeo. Usiwapelekee Marekani kitu cha Msumbiji ukasema ni cha Mtwara.

MwanaMakonde47:
Mto haujawahi kuwazuia Wamakonde kuvuka. Lipiko lipo pande zote.

Newala_Juu:
Kuvuka walivuka, na walivuka na la kwao. La usoni linafungwa kwa kamba nyuma ya kichwa, ni jepesi zaidi, na la kike lina ndonya, lile pambo la kutoboa, kwenye mdomo wa juu. Na mmesahau kikubwa kuliko vyote: kiwiliwili cha mbao cha mwanamke mjamzito, matiti na tumbo na chale zake, kinafungwa kifuani kwa mchezaji. Na mchezaji ni mwanamume. Mnaongelea misuli ya sponji ya kina Flash, ya huku ni ya mti.

Tandahimba_Gredi1:
Kwa hiyo dume linacheza mjamzito na hakuna anayeuliza kwa nini kapewa nafasi hiyo 😂😂 Mada imefungwa.

Dada_wa_Ligula:
Hawaulizi kwa sababu aliye ndani hatajwi, na mwili wote umefunikwa. Anna Diop alikuwa na uso wake wazi na jina lake kwenye bango. Unalinganisha vipi?

Tandahimba_Gredi1:
Basi wamvalishe kinyago.

Dada_wa_Ligula:
Yaani wenye matusi wabaki, yeye ndiye afunikwe. Hongera.

Nyangao_Kwetu:
Turudi kwenye sponji. Mnajua joto lake? The Flash ya 1990, John Wesley Shipp, huyo aliyekuja kucheza baba yake Barry, yaani Flash mwenyewe, kwenye ile ya 2014, alivaa vazi la misuli ya povu la raba. Povu linazuia hewa, jasho halina pa kutokea, linalowesha tabaka la ndani, gundi inalegea na kifua kinaanza kushuka. Kwa unyevu wa Mikindani mwezi wa pili, saa moja tu kifua kiko tumboni.

Fundi_Rahaleo:
Kwa mara ya kwanza umesema kweli. Dawa yake ni kutoboa vitundu kwenye sponji kila sentimita 2, na usibandike moja kwa moja kwenye laikra ya nje. Tengeneza fulana ya ndani ya wavu, misuli ishonwe pale, unene sentimita 2 kifuani na 1 tumboni, kingo zichongwe mpaka ziishe kabisa. Ukiacha ukingo mnene unaonekana kwa nje kama mtu kaweka sahani. Ya nje inavaliwa juu, ya ndani inavuliwa na kufuliwa kila siku.

Korosho_Ghafi:
Sawa fundi, swali la maana sasa. Supergirl wa Melissa Benoist alianza na sketi 2015, akaja kuvaa suruali msimu wa tano. Kwa sketi naelewa. Hawa wa kipande kimoja kutoka shingo mpaka kisigino, haja ndogo inakuwaje?

Fundi_Rahaleo:
Mengi sio kipande kimoja. Juu na chini ni mbali, zinakutana kiunoni, na ule mkanda mpana unaouona ndio unaficha kiungo. Likiwa kipande kimoja kweli, zipu inaanzia kisogoni na kushuka mpaka chini ya kiuno, na mwenye vazi hawezi kuifunga mwenyewe, lazima awe na msaidizi.

Korosho_Ghafi:
Kwa hiyo anaokoa dunia ila chooni anasindikizwa.

Mwana_Shangani:
Moderata, hii ihamishiwe jukwaa la ushonaji.

Fundi_Rahaleo:
Ihamishwe, lakini Korosho_Ghafi bado hajawaomba radhi mafundi wa Masasi.