Hostingi ya duka la vipuri Lubumbashi: kampuni ya Ulaya, kijana wa hapa, au VPS?

MamaVipuri_Kampemba
Jambo yenu. Duka letu la vipuri vya lori na jenereta liko Kampemba, na wateja wanatupata kwa WhatsApp tu. Tunataka tovuti ya WordPress yenye picha za bidhaa, pamoja na barua pepe zenye jina la duka, maana kampuni za Kolwezi zikitaka proforma hazipendi kuandikia Gmail. Nimeonyeshwa njia tatu: hostingi (nafasi ya kukodi ya kuweka tovuti) ya pamoja kwenye kampuni kubwa ya Ulaya, kijana wa hapa mjini atakayeshika kila kitu kwa malipo ya mwaka, au VPS, yaani seva pepe ya kukodi unayoitunza mwenyewe. Mimi si fundi. Ninachoomba ni tovuti isizimike wakati mteja anatafuta filta ya mafuta. Mngechagua nini?

fundi_seva_lushi
Mama, VPS itoe kwenye hesabu. Hetzner ya Ujerumani au OVH ya Ufaransa watakuuzia kwa bei nafuu, lakini kazi yao ni mashine iwake. Kusasisha mfumo, kuzuia wadukuzi, kuamsha hifadhidata iliyolala usiku, hayo yote ni juu yako. Na seva ya kuweka dukani usiifikirie kabisa: SNEL wakikata umeme, tovuti imezimika.

Hostingi ya pamoja inatosha duka. Unakaa na wengine kwenye seva moja, kampuni inatunza mitambo. Ila soma bei ya kuongeza muda, usisome ya tangazo. Mara nyingi ile bei ya chini kabisa inataka ulipe miaka kadhaa kwa mkupuo, halafu baadaye inapanda mara mbili au zaidi. Wakikuahidi tovuti itakuwa hewani 99.9% ya muda, jua kwamba tovuti inaweza kuzimika karibu saa 9 kwa mwaka nao bado wametimiza ahadi. Kwa 99% ni zaidi ya siku 3 na nusu. Na wakishindwa, kwa kawaida wanakurudishia sehemu ya ada tu. Mauzo uliyokosa hawayalipi.

Yaya_Likasi
Mimi naona mtu wa hapa ana thamani yake. Unamlipa kwa M-Pesa au Airtel Money, unamweleza shida kwa Kiswahili, anafika dukani. Kampuni nyingi za Ulaya zinataka kadi. Kadi ikiisha muda, malipo yanagoma na huduma inasimamishwa. Tena onyo lenyewe limetumwa kwenye barua pepe ya duka, ambayo iko kwenye hostingi ileile iliyofungwa! Nani atalisoma?

katuba_kodi
Yaya, mtu wa hapa sawa, lakini awe fundi tu, asiwe mwenye mali. Kwaya moja ya mtaani kwetu ilitengenezewa tovuti na kijana aliyeandikisha domeni, yaani anwani ya tovuti, kwa jina lake na barua pepe yake. Akahama mji, simu ikawa haipatikani, muda wa domeni ukaisha. Nyimbo zao wanazo, picha wanazo, anwani iliyochapwa kwenye fulana zote imepotea. Inaniuma hadi leo.

Hostingi mbaya unaweza kuihama. Domeni iliyo mikononi mwa mwingine huwezi kuihama. Kwa hiyo Mama, fungua akaunti mwenyewe, uandikishe domeni kwa jina la duka, na kwa akaunti hiyo tumia Gmail yako ya siku zote, ili hata hostingi ikifungwa maonyo yakufikie. Kijana mfungulie ruhusa yake kwenye paneli ya kusimamia hostingi, umlipe kwa kazi yake.

MamaVipuri_Kampemba
Aksanti sana, hilo la domeni hakuna aliyeniambia. Mwisho wa anwani nichukue .cd au .com? Na seva ikiwa Ulaya, mteja wa Kolwezi hatasubiri sana ukurasa ufunguke?

fundi_seva_lushi
.cd ni yetu ya Kongo, ilikuja 1997 kuchukua nafasi ya .zr ya Zaire, lakini linganisha bei kwanza. .com ni rahisi kuhamisha: unaomba msimbo wa uhamisho, unaupeleka kwa kampuni mpya, mradi siku 60 zimepita tangu uandikishe.

Umbali upo, na seva ya Johannesburg ingekuwa karibu zaidi, lakini kinachomsubirisha mteja mara nyingi ni picha. Picha ya simu yenye megabaiti 4 ishushe hadi kilobaiti 150 hivi kabla ya kuipandisha. Kwenye skrini ya simu filta itaonekana vilevile, na megabaiti za mteja hazitaisha.

bukavu_mtandao
Ongezeni bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva za OVH kule Strasbourg. Waliolia zaidi ni wale ambao bakapu zao zilikuwa mahali palepale. Kampuni ikiwa nzuri namna gani, weka nakala nje. Kwa WordPress kuna programu ya nyongeza iitwayo UpdraftPlus, inapeleka nakala Google Drive yenyewe. Kisha mwambie kijana airudishe tovuti nzima kutoka kwenye nakala hiyo mbele yako, kabla hujamlipa sehemu ya mwisho.

Yaya_Likasi
Hapo nakubali. Kuhusu kadi, uliza benki yako Visa ya kujazwa pesa kabla, uijaze mapema kabla ya tarehe ya malipo.

katuba_kodi
Na kabla ya kuchagua kampuni, waandikie swali Jumapili usiku: bakapu mnaweka wapi, na kuirudisha ni bei gani? Zile mbili tatu unazozilinganisha, zote ziulize usiku huohuo, uone ipi inakujibu.